Bi Riwaya Anajibu: Kwotabeki, mwalimu wa tuisheni na goti lililopona haraka mno

Mwezi huu barua karibu zote ni za wachezaji. Toleo lililopita nilidokeza tu kwamba siku hizi nasoma riwaya za mapenzi za vyuo vya Marekani, zile ambazo shujaa wake anacheza futiboli ya kwao, ya helmeti na pedi za mabega, na wasomaji mkanivamia. Kwa wageni wa safu hii: kabla sijarudi Tanga nilikuwa mpishi katika bwalo la chuo kimoja kule Midwest, majimbo ya kaskazini-kati ya Marekani, na wachezaji wa timu walikula kwetu. Sikuchumbiwa na hata mmoja. Niliwakaangia mayai, nikawasikiliza wakiongea kwenye foleni, na mara nyingi nilijua nani kaumia kabla magazeti hayajaandika.

*Shikamoo Bi Riwaya. Nimemaliza riwaya moja kwenye simu na bado sijapoa. Kijana ni kwotabeki, yule mrushaji wa mpira, wa chuo kikubwa, sura anayo, maksi hana. Msichana ni mwerevu asiye na kitu, anapewa kazi ya kumfundisha takwimu ili asizuiwe kucheza. Wanaanza kwa kugombana, wanajifanya wapenzi ili kumkomoa mpenzi wa zamani wa msichana, kisha wanapendana kweli. Ile sura ya Ijumaa usiku kabla ya mechi, kijana anapopanda dirisha la hosteli, niliirudia. Oktoba anachanika goti, Januari anacheza fainali, wanashinda, anamvisha pete palepale uwanjani. Nililia mpaka mume wangu akauliza nani kafariki. Je, kuna hata robo ya ukweli humo?*
*Asiyelala, Muheza*

Marahaba mwanangu. Robo ipo, hata nusu nakupa, ila kwanza tulitazame hilo goti.

Ile kano ya ndani ya goti ambayo madaktari huiita ACL ikichanika, mchezaji hupasuliwa, na kurudi uwanjani huchukua miezi tisa mpaka kumi na miwili. Oktoba hadi Januari ni mitatu. Januari kijana wako alipaswa kuwa juu ya baiskeli ya mazoezi, mtaalamu amemshika kisigino. Kama mwandishi alitaka aumie na bado aiwahi fainali, angemvunja mtulinga, mfupa huo huweza kuunga kwa muda kama huo. Wanapenda goti kwa sababu linatisha. Lakini goti ni jeraha la mwaka, na mwaka mzima wa kijana asiyecheza, anayemtazama mwenzake akishika nafasi yake huku yeye akiambiwa avumilie, ndiyo riwaya ambayo ningekesha nayo. Niliwaona hao. Walikuja kula baada ya wenzao kuondoka.

Mwalimu wa tuisheni ni kweli tupu. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kinataka mchezaji wa daraja la kwanza awe amemaliza asilimia 40 ya shahada yake kufikia mwisho wa mwaka wa pili, 60 mwaka wa tatu, na 80 wa nne. Asipofika, hachezi. Ndiyo maana timu kubwa zina vituo vizima vya masomo, na baadhi ya wanaofundisha humo ni wanafunzi wenzao wanaolipwa kwa saa. Riwaya yako haikusema kwamba kazi hiyo ina masharti makali, na la kwanza ni kutomwandikia mchezaji kazi yake. Januari 2019 Chuo Kikuu cha Missouri kiliadhibiwa baada ya mwalimu mmoja wa ziada kukiri kwamba aliwafanyia wachezaji kazi zao za masomo. Timu ya futiboli ikafungiwa mechi za baada ya msimu mwaka huohuo. Sasa mfikirie msichana wako na zile takwimu. Usiku ule anapomwonea huruma kijana na kumalizia swali la tano, ameuweka rehani msimu wa vijana zaidi ya mia. Mwandishi alikuwa na woga wa kweli mkononi, akaenda kumleta mpenzi wa zamani mwenye wivu!

Tuje kwenye muda, maana ndipo riwaya nyingi za aina hii zinaponipoteza. Kanuni inasema wakati wa msimu mchezaji asizidishe saa 20 za mazoezi kwa wiki, na apewe siku moja ya kupumzika. Saa hizo haziingizi safari, wala matibabu, wala kutazama video za wapinzani "kwa hiari", hiari ambayo ukiikataa unakaa benchi. Jumamosi ni mechi. Jumapili ni kukandwa, barafu, na kuonyeshwa makosa yako kwenye skrini mbele ya wenzako. Jumatatu timu nyingi hupumzika. Jumanne hadi Alhamisi kijana ananyanyua vyuma alfajiri, anaingia darasani, anafanya mazoezi, anakaa vikao, anakwenda tuisheni, na mimi namwona saa mbili usiku anakula kuku akiwa amefumba jicho moja.

Na Ijumaa usiku, mwanangu? Ijumaa usiku timu nyingi kubwa hulala hotelini, hata kama mechi inachezwa nyumbani kwao, na makocha huhakikisha kila mtu yumo chumbani. Hilo dirisha la hosteli halikupandwa na mchezaji. Labda mpiga tarumbeta wa bendi ya chuo.

Ninachotaka uone ni hiki: mapenzi ya mchezaji wa chuo ni mapenzi ya mtu ambaye saa zake si zake. Zimegawanywa na kocha, na daktari, na mwalimu, na ratiba ya televisheni inayoamua mechi ianze lini. Kijana wa namna hiyo akimpa msichana saa moja ya Jumatatu, amempa nusu ya alichonacho. Mwandishi anayelijua hilo hahitaji kumtundika kijana dirishani. Anamkalisha maktaba, anamlaza juu ya daftari la takwimu, na msichana anaamua kumwacha alale au kumwamsha. Mtihani ni kesho.

Pete ya uwanjani sasa, ambayo nadhani ndiyo hasa uliyotaka kuniuliza. Hiyo ni kweli, na kuna iliyotokea mbele ya Marekani nzima. Tarehe 1 Januari 2007, katika mechi ya Fiesta Bowl huko Arizona, Boise State, chuo ambacho wengi walikiona kidogo, kilikuwa kinakabana na Oklahoma hadi muda wa nyongeza. Kwotabeki akajifanya anarusha mpira kwa mkono wa kulia, kumbe kaushika nyuma ya mgongo kwa wa kushoto. Ian Johnson akapita, akauchukua, akaingia nao katika lile jaribio la ziada linalofuata pointi sita, pointi mbili za ushindi, 43 kwa 42. Dakika chache baadaye, akihojiwa moja kwa moja kwenye televisheni, akapiga goti na kumposa kiongozi wa washangiliaji wa chuo chake. Walioana mwaka huohuo. Ningeisoma kitabuni ningesema mwandishi amezidisha. Umwambie mume wako machozi yako yana ushahidi. Ila angalia: Johnson hakuwa kwotabeki. Alikuwa mkimbizaji wa mpira. Hilo linanipeleka kwenye barua inayofuata.

*Habari Bi Riwaya. Mbona kila shujaa ni kwotabeki? Timu ina watu kumi na moja uwanjani. Hawa wengine hawapendwi?*
*Mdadisi, Kisumu*

Wanapendwa sana, ila hawauzi majalada.

Kwotabeki ndiye anayeshika mpira karibu kila jaribio la kusogea mbele linapoanza. Ana sekunde 40 tu kati ya jaribio moja na jingine kupanga wenzake, kusoma wapinzani na kuanza. Kamera iko usoni kwake muda wote. Mwandishi wa mapenzi anahitaji uso, na huo ni uso uliokwisha kutengwa tayari. Ajabu ni kwamba shujaa huyu ni mtoto wa kanuni. Mwaka 1905 mchezo ulikuwa unaua vijana kiasi kwamba Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa futiboli wa Harvard, Yale na Princeton. Mwaka uliofuata kanuni zikabadilishwa na pasi ya kwenda mbele ikaruhusiwa. Bila hiyo pasi yule kijana wa jalada, mkono nyuma ya sikio tayari kurusha, hayupo.

Lakini ukiniuliza mimi, wa kuandikiwa riwaya ni wale watano wa mbele wanaomkinga. Wengi wana zaidi ya kilo 135. Hawaruhusiwi kupokea pasi ya kawaida, majina yao hayatangazwi ila wanapokosea, na kazi yao yote ni kusimama kati ya mtu na maumivu ya mtu mwingine. Pale bwaloni ndio waliokuwa wakirudisha trei, na ndio waliotujua kwa majina, sisi wa jikoni. Msichana mwenye akili anaolewa na hao. Mwingine ni mpiga mateke, ambaye anakaa pembeni mechi nzima, kisha anaitwa sekunde tatu za mwisho watu laki moja wakimtazama. Michigan wana uwanja wa viti 107,601, Ohio State 102,780. Akikosa, Jumatatu anaingia darasani na hao hao. Ukipata riwaya ya mpiga mateke niletee.

*Bi Riwaya, mimi ni mwanamume, sikatai. Mchumba wangu anasoma hizi riwaya zenu. Sasa ananiambia mimi simtazami kama yule kijana anavyomtazama msichana wake. Mimi ni fundi umeme. Nifanye nini?*
*Aliyelinganishwa, Arusha*

Kijana wangu, huyo mpinzani wako ana kocha wa vyuma, daktari wa viungo, mtu wa kufua jezi, na mpishi. Mpishi najua, nilikuwa mimi. Wewe una ngazi na bisibisi. Usishindane naye kifuani.

Muombe mchumba wako akuonyeshe ukurasa. Usicheke, muombe kweli. Nakuhakikishia si ule wa kijana kavua fulana. Utakuta ni ule ambapo kijana, akitoka mazoezini hoi, anakumbuka kwamba msichana hali vitunguu, au ana mtihani wa kemia Alhamisi, na anauliza ulikwendaje. Hizi riwaya zinauzwa kwa misuli lakini zinasomwa kwa ajili ya kumbukumbu. Hilo fundi umeme analiweza bila kuchanika goti.

*Jambo Mama Riwaya. Mimi ni mama wa Kikongo, tuko Ohio miaka mingi. Mtoto wangu wa kiume anavaa namba 54, anamaliza sekondari, amepata ufadhili wa kuchezea chuo kimoja cha jimbo jingine. Ana msichana, mtoto wa familia tunayofahamiana nayo tangu Bukavu, na msichana anataka kuacha chuo alichokubaliwa ili amfuate. Kila nikimkanya ananitajia riwaya ambamo msichana alifuata na ikawa heri. Pia nauliza, mbona hivyo vitabu havisemi juu ya kichwa? Mimi namwogopea kichwa.*
*Mama wa 54, Ohio*

Mama mwenzangu, hongera ya ufadhili, kwanza.

Mtoto wa kwenu aliyekwenda mbali kwenye mchezo huu yupo, na pengine nyumbani kwenu mnalijua jina lake. Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa, akakulia Québec, akachezea Michigan. Novemba 1995, dhidi ya hao hao Ohio State wenu, alikimbia yadi 313 katika mechi moja. Mwaka uliofuata Carolina Panthers, timu ya NFL, ligi ya kulipwa, walimchagua wa nane katika drafti, ile siku timu hizo zinapochagua vijana kwa zamu. Na msimu wake wa kwanza huko NFL ulikatizwa na goti. Nakutajia yote mawili kwa makusudi.

Riwaya anayoitaja huyo binti imefungwa ukurasa wa mwisho. Maisha ya chuo ya mchezaji siku hizi hayafungwi. Tangu 2021 mchezaji ameruhusiwa kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima, na tangu 2024 anaweza kuhama tena na tena mradi maksi zake ziko sawa. Kocha aliyemsajili mwanao anaweza kufukuzwa Desemba, Januari kijana akawa amehamia jimbo la tatu. Je, binti atahama naye? Na masomo aliyokwisha kufaulu yatakubaliwa yote huko? Wachezaji wana ofisi nzima ya kushughulikia hayo. Mpenzi wa mchezaji hana hata meza.

Mwambie hivi, tena umwambie wewe, si kijana, maana kutoka kwako ataipokea kama heshima: achague chuo ambacho angekipenda hata kama 54 hayupo. Kama chuo hicho ni kilekile cha 54, aende, ubishi umekwisha. Kama si hicho, wana simu na wana Jumatatu. Na msimwambie kwamba mapenzi ya shule hayadumu. Hamjui hilo, wala mimi silijui. Mnachokijua ni kwamba, kwa hesabu za NCAA yenyewe, katika kila wachezaji mia wa futiboli ya vyuo hata wawili hawafiki kwenye ligi ya kulipwa. Familia itakayojengwa na mwanao na huyo binti, kwa uwezekano mkubwa, itakula kwa shahada, na zikiwa mbili ni bora kuliko moja.

Kuhusu kichwa, ni kweli vitabu vingi vinakikwepa. Goti lina mvuto, unaweza kulifunga bandeji na kulibusu. Kichwa hakibusiki kikapona. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walichapisha matokeo ya kuchunguza ubongo wa wachezaji waliofariki. Kati ya 53 waliokomea ngazi ya chuo, 48 walikutwa na ugonjwa wa CTE, unaohusishwa na kugongwa kichwa mara nyingi. Ni lazima niseme pia kwamba bongo hizo zilitolewa na familia, na nyingi zilishaona dalili, kwa hiyo si picha ya wachezaji wote. Lakini hofu yako si ya kishamba. Namba 54 kwa kawaida ni mlinzi wa kati, mtu wa kugonga na kugongwa. Muulize kocha mambo mawili kabla ya kusaini: wiki ya kawaida ina mazoezi mangapi ya kugongana kikamilifu, na nani mwenye neno la mwisho kijana akitikiswa ubongo, kocha au daktari. Jibu sahihi ni daktari. Akisita hata kidogo, umepata jibu.

*Shikamoo Bi Riwaya. Naandika hadithi za WhatsApp, vipande kwa vipande, wasomaji wananilipa kwa simu. Nataka kuandika ya kijana wa futiboli ya Kimarekani na msichana kutoka Ukerewe aliyepata nafasi ya kusoma kule. Sijawahi kufika. Nianzie wapi ili nisichekwe?*
*Kalamu ya Ziwa, Mwanza*

Marahaba kalamu. Swali lako limenifurahisha kuliko yote, vumilia nikichukua nafasi.

Anza na kalenda, maana kalenda ndiyo itakayokuandikia. Kambi ya mazoezi mapema Agosti. Mechi ya kwanza mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba. Mechi 12 za kawaida hadi mwisho wa Novemba. Desemba na Januari ni mechi za baada ya msimu kwa waliofuzu. Mazoezi ya majira ya kuchipua Machi na Aprili. Mwisho wa Aprili ni drafti ya NFL, timu 32, mizunguko saba. Na kijana haruhusiwi kuingia drafti mpaka ipite miaka mitatu tangu amalize sekondari, kwa hiyo usimpeleke huko kutoka mwaka wa kwanza. Wapenzi wako wakikutana Agosti hawana muda, wakikutana Februari wanao kidogo, na wakiachana wiki ya mwisho ya Novemba nchi nzima iko kwenye bata mzinga wa sikukuu ya Shukrani na msichana wako wa Ukerewe kabaki peke yake hostelini, maduka yamefungwa. Nakupa hiyo sura bure.

Pili, amua ni mwaka gani. Hili si pambo. Kabla ya tarehe 1 Julai 2021 mchezaji hakuruhusiwa kupata senti moja kwa jina lake. Desemba 2010 wachezaji watano wa Ohio State walifungiwa mechi tano kwa kuuza au kubadilishana tuzo na vifaa vyao, wengine kwa kuchorwa tatuu. Tangu siku hiyo ya Julai anaweza kulipwa kwa matangazo, na tangu msimu wa 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji wa michezo yote kutoka fungu lenye kikomo, ambacho mwaka huo wa kwanza kilikuwa takriban dola milioni 20.5. Shujaa wa 2015 anakopa nauli. Shujaa wa 2025 ana wakala, ana gari, ana mjomba mpya kila wiki. Hao ni watu wawili tofauti na wanapenda kwa namna tofauti.

Tatu, na hapa ndipo utakapowashinda Wamarekani wenyewe: msichana wako. Akiwa na viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, wakati wa masomo anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo tu, tena isizidi saa 20 kwa wiki. Rudi juu ukaangalie kijana wako amewekewa saa ngapi za mazoezi. Ishirini. Una vijana wawili ambao kila mmoja wiki yake imepimwa na sheria aliyoikuta, mmoja anahesabiwa na NCAA, mwingine na uhamiaji. Sijaiona riwaya hiyo ya Kimarekani kwa sababu wasichana wa riwaya zile wakikosa pesa wanapata kazi ya pili kwenye mgahawa wa mjini. Wa Ukerewe akifanya hivyo anahatarisha viza. Kijana hatalielewa hilo. Atasema, "Si uache tu hiyo kazi, nitakulipia." Huo ndio ugomvi wao wa kwanza wa kweli, na hauhitaji mpenzi wa zamani.

Unaweza hata kugeuza: kijana ndiye mgeni. Wapo. Ezekiel Ansah alitoka Ghana kwenda kusoma chuo cha Brigham Young, alijiunga na timu 2010 akiwa hajui hata kuvaa pedi, na 2013 akachaguliwa wa tano katika drafti. Daniel Adongo, mcheza raga kutoka Kenya, aliingia Indianapolis Colts, timu ya NFL, mwaka huohuo 2013 bila kupitia timu ya chuo kabisa. Mchezaji mgeni mwenye viza ya mwanafunzi ana tatizo ambalo wenzake hawalijui: wenzake wanasaini matangazo, yeye anaogopa kwamba pesa hiyo itahesabiwa kazi isiyoruhusiwa. Amekaa chumba kimoja na tajiri, naye anahesabu vocha.

Usieleze kanuni za mchezo. Msomaji wako wa Sengerema anatakiwa ajue mambo mawili tu: wana majaribio manne ya kusogea yadi kumi, wakishindwa wanapoteza mpira, na kuingia nao mwisho wa uwanja ni pointi sita. Mengine ayaone kwenye mwili wa kijana. Vidole vilivyofungwa plasta viwili viwili. Michubuko ya rangi ya zambarau mkononi. Anakaa kitini taratibu kama mzee akiwa na miaka ishirini. Ananuka dawa ya misuli, hata siku ya harusi ya dada yake. Anakula sahani nne bila kuzungumza, kisha anaomba radhi.

Na kwa kuwa unauza vipande kwa vipande, usikate kila kipande kwenye busu. Wasomaji wako watalizoea busu wiki ya pili. Kata kwenye ujumbe aliouandika msichana saa kumi jioni, tiki mbili za kijivu, na sisi tunajua simu ya kijana iko kwenye kabati la vyumba vya kubadilishia nguo mpaka saa moja. Msichana hajui. Hapo watakutumia hela.

*Bi Riwaya, binti yangu ana miaka 14 na anasoma hizi za wachezaji. Majalada ni ya katuni, picha za watoto tu. Nimwache?*
*Mama Binti, Mombasa*

Bi mdogo, jalada lisikuhadae. Siku hizi nyingi za hizo zenye michoro ya rangi za peremende zina sura za chumbani zilizoandikwa bila pazia. Wachapishaji wengi huziweka kundi la watu wazima, na wahusika ni watu wa miaka ishirini na zaidi. Zipo za kundi la vijana zenye mchezo huohuo, watoto wa sekondari, busu na machozi basi. Usimpokonye simu. Soma wewe kwanza kuanzia katikati, ndiko yaliko. Ukiona haifai, mwambie wazi ni kwa sababu gani, kisha mpe nyingine siku hiyohiyo. Ukimwachia mikono mitupu ataitafuta ileile kwa rafiki.

*Bi Riwaya, nikitaka kuona huo mchezo wenyewe, kwetu ni saa ngapi?*
*Mgeni wa Mchezo, Dodoma*

Jumamosi. Mechi za saa sita mchana za pwani ya mashariki ya Marekani ni saa moja usiku kwetu, na wakisharudisha saa zao nyuma mwanzoni mwa Novemba zinakuwa saa mbili. Zile za usiku wao zinaangukia alfajiri ya Jumapili yetu, hizo ziache. Kama utaangalia moja tu, angalia Michigan na Ohio State, Jumamosi ya mwisho ya Novemba, ambayo kwa kawaida huanza saa sita mchana kwao. Itachukua zaidi ya saa tatu kwa sababu mpira husimama kila mara, kwa hiyo kula kabla.

Barua za toleo lijalo ziwe za riwaya za upelelezi. Wachezaji nimewamaliza.